Kekeo wa Miti ya Kabugho

Kijana wa Kasese akinunua darubini, kitu cha kwanza anachofanya ni kuivaa shingoni kwenda kunywa chai mjini. Nawaona. Mnapita mbele ya maduka, darubini inarukaruka kifuani kama medali ya jeshi, na juu ya vichwa vyenu, kwenye waya wa taa ya baraza, chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, anajenga kiota wiki ya pili na hakuna aliyemwona. Hongera sana, waongozaji.

Mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya hii kazi ya kuonyesha watu ndege. Mimi, Mbusa, niliyeacha shule darasa la nne. Sikufeli, msinielewe vibaya. Mwalimu alinichoka kabla mimi sijamchoka. Ninyi mna vyeti, mna mashati yenye mifuko mingi, mna simu inayosikiliza ndege na kuwatajia jina lake kabla hamjageuza shingo. Sijui mzee atawaongezea nini. Lakini mmeomba, na mimi sijawahi kuombwa niongee nikakataa.

Nilianza kazi nikiwa adui wa ndege. Niliwekwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mubuku kuwafukuza, nikiwa na debe bovu, fimbo na matusi. Mtu anayewatukana ndege kutoka asubuhi hadi jioni, msimu baada ya msimu, anawajua vizuri kuliko aliyewasoma kwenye picha. Unajua nani anarudi ukigeuka tu. Unajua nani anamtuma mwenzake mbele aangalie kama debe limelala. Unajua sauti ya kuitana na sauti ya kukucheka. Ninyi shule yenu ilikuwa na madirisha. Yangu ilikuwa na mbu.

Aliyenitoa huko ni Hajji Sulaiti, dereva wa Kasese, Mungu amrehemu. Alikuwa akibeba samaki kutoka Kahendero kabla hajaanza kubeba wageni, na alisema tofauti ni ndogo, ila samaki hawaulizi maswali. Siku moja alisimamisha gari kando ya mpunga, wageni wake wakaniuliza kwa vidole yule mwekundu ni nani, na yule, na yule. Nikawatajia wote kwa Kikonzo, lugha yetu, pamoja na tabia zao mbaya. Hajji akanitazama.

"Wewe wa debe. Panda gari."

"Na mpunga?"

"Mupunga iko na wenyewe. Panda."

Somo lake la kwanza lilikuwa uchafu. Kila mwongozaji mpya anataka kuwapeleka wageni mahali pazuri. Hajji aliwapeleka nyuma ya machinjio ya mji, asubuhi na mapema, kaloli, wale korongo wenye vipara wa jalalani, wakiwa wamesimama juu ya mifupa kama mawakili wanaosubiri kesi. Kutoka hapo aliwapeleka kwenye mabwawa ya maji ya vyoo. Nilimwambia, Hajji, hii ni aibu, watu wametoka mbali kuja kunusa mavi yetu. Akazima injini. "Hesabu," akaniambia. Kabla jua halijatupiga sawasawa nilikuwa nimeona ndege wa miguu mirefu wa aina ambazo sikuwahi kuziona maisha yangu yote, na wageni walikuwa wamepiga magoti kwenye tope wakilia kwa furaha. Basi ninyi endeleeni kuwapeleka kwenye bustani za hoteli. Maua ni mazuri sana. Ndege wako chooni.

Somo la pili nililipata Kahendero, na lilinigharimu heshima. Tulikuwa tunamtafuta yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anayesimama kwenye mafunjo ya ziwa bila kutikisika. Nikamwona. "Yule pale!" Wageni wakaweka vyombo vyao, wakapiga picha, wakakumbatiana. Tukamtazama muda mrefu. Hakutikisika. Nikaeleza kwa majivuno kwamba ndiyo sifa yake, hatikisiki. Halafu mvuvi mmoja akaja na mtumbwi wake, akamfungia kamba.

Kilikuwa kigogo.

Hajji hakucheka. "Waambie."

"Si wameona wenyewe, Hajji?"

"Wameona kigogo. Kutoka kwako hawajasikia. Waambie jina yake."

Nikawaambia. Niliwaangalia watu wazima wakifuta picha moja moja, na mvuvi yuko pale pale anauliza kwa nini Wazungu wamenuna. Njia nzima ya kurudi Hajji alisema neno moja tu: ukidanganya kuhusu ndege mmoja, wote uliowahi kuwaonyesha wanaruka na kuondoka.

Mengine mnayajua, au mnajifanya mnayajua. Weka jua mgongoni. Usivae nyeupe, hamwendi kipaimara. Sikiliza kwanza, tazama baadaye, sema mwisho. Ninyi mnaanza na kusema. Ukimsikia ndege, jiulize sauti imetoka urefu gani, maana kila ndege ana ghorofa yake na hahami kwa sababu mgeni amekuja. Na ukipita Bwera karibu na mpaka, darubini mshike mkononi, msielekeze ng'ambo. Mimi niliwahi kuelekeza. Askari akanijia: "Wewe! Leta hiyo kitu! Kaa chini!" Nikaleta, nikakaa. Akaitazama ng'ambo, akaishusha kidogo, akamkuta mdiria anavua samaki mtoni. Afande yule alikaa na darubini yangu mpaka chakula cha mchana. Aliponirudishia aliniuliza kama ninapita tena kesho.

Sasa nifike kwenye habari ya miti ya Kabugho, maana najua ndiyo mliyoitaka. Mnajifanya kuuliza mbinu.

Juu ya mji wa Bwera, ukiacha barabara ya mpakani na kupanda kwa miguu, kuna bonde jembamba lenye kijito, na ndani yake misizi na mikuyu mikubwa. Kila kitu kuizunguka kimeshakatwa, kimekuwa kahawa, muhogo na matofali. Miti ile ilibaki kwa sababu moja, na sababu hiyo inaitwa Kabugho. Ni mjane. Mume wake alimwachia lile bonde. Shemeji yake Bwambale, mchoma matofali na mkaa, tangu siku ya mazishi alikuwa akiitazama ile miti kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.

Mimi nilikwenda pale na mgeni, nikamsikia kekeo wa zumaridi. Kwa wale wenye vyeti wasiomjua: ni ndege wa kijani kinachong'aa, tumbo la njano, anakaa kileleni kabisa mwa mti mkubwa na kupiga mluzi wa sauti nne. Anasikika sana, anaonekana kwa nadra, kwa hiyo katika kazi yetu kumsikia kunatosha, mgeni anaandika kwenye daftari lake. Wageni wakaanza kupanda kile kilima. Kila Bwambale alipokuja kupima miti kwa macho, Kabugho alikuwa na jibu: "Watu wanatoka Kampala kuja kusikiliza hii miti. Wewe unatoka hapo chini tu, kuja kuikata." Wazee wa ukoo wakakata shauri: maadamu kekeo yupo na wageni wanakuja, mtu asiguse.

Mnaona mzigo ulipokaa. Miti yote ilikaa juu ya ndege mmoja, na yule ndege alikaa juu ya neno langu.

Mbinu yangu ilikuwa simu. Si kama zenu. Ya batani, yenye memori kadi, na ndani yake kekeo wa kweli niliyemrekodi Kilembe, juu ya zile nyumba za zamani za wachimba shaba. Nikifika bondeni naicheza ile sauti mara tatu, mara nne, naye anajibu. Kila safari. Sigara haijaisha, amejibu. Kekeo wa watu wengine mvua ikikata hunyamaza miezi mizima. Wangu aliimba kiangazi, aliimba Krismasi. Kekeo wa watu wengine huita kutoka kileleni. Wangu alijibu kutoka kwenye mikahawa, usawa wa magoti. Hilo nililiona, sikatai. Nikasema ni mwangwi. Nikasema ni upepo. Mtu akishakuwa na jina kubwa hakosi maelezo.

Halafu akaja Namusoke, muuguzi wa Kampala, yuko likizo, na daftari lake limefunikwa nailoni. Nikacheza simu. Ndege akajibu. Simu yake yeye, ile ya kusikiliza, ikaandika haraka: kekeo wa zumaridi. Mnaona? Mashine yenu ya kisasa ilitumbukia shimo moja na mimi, na yenyewe haijazeeka.

Lakini Namusoke hakuandika kitu. Aliinamisha kichwa.

"Ssebo, nikuulize bila kukukosea adabu. Hii ndege yenu iko naishiwa chaji?"

"Chaji gani?"

"Inapiga mluzi vizuri. Halafu mwisho inafanya ti-ti, ti-ti. Kama simu."

"Binti, mimi nafanya kazi hii tangu hujazaliwa."

"Ndiyo, ssebo. Lakini inafanya ti-ti."

Akaomba simu yangu, akacheza yeye. "Hapo. Umesikia?" Sikusikia kitu. "Na hapo?" Kitu hakuna. Akanigeuzia kioo: betri ilikuwa imebaki ule mstari mwekundu. Simu ilikuwa inalia kwa njaa, na Namusoke alisema inalia kwa nguvu, na mimi nimesimama hatua moja kutoka kwake naona kimya tu. Ndipo nikaelewa kwa nini kila mara ilinizimikia porini, na mimi nikamlaani fundi simu wa Kasese kila nikipita dukani kwake. Fundi, kama unasoma hii, samahani.

Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza masikioni, na haziagi.

Kwenye mikahawa akaruka ndege, akatua wazi kabisa mbele yetu: kifua cha rangi ya chungwa, utepe mweupe juu ya jicho. Kurumbiza. Mwigaji kuliko wote, anayechukua kila sauti anayoisikia na kuifanya yake. Nilikuwa nimesimama pale bondeni, ziara baada ya ziara, nikimfundisha kwa uvumilivu: mluzi wa kekeo wa Kilembe, kisha kilio cha betri. Akashika vyote. Mwanafunzi bora kuliko ninyi nyote, kwa sababu hata sehemu asiyoielewa hakuiruka.

Kabugho alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anachuma kahawa.

"Mimi nasikia hiyo ti-ti tangu mwaka juzi," akasema, hakuinua hata kichwa. "Asubuhi ndiyo inaniamsha. Siku ya kwanza nilitafuta simu mpaka chini ya kitanda."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ndiye fundi wa ndege, Muzee Mbusa. Mimi ni mutu wa kahawa." Halafu akanyooka, akaweka kikapu chini. "Bwambale ameitisha wazee Jumamosi. Anasema nadanganya ukoo. Wanataka wewe uje useme mbele yao kama kekeo iko. Basi, utakuja useme."

Namusoke akafunga daftari lake polepole, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa na kukuta familia inagombana.

Zile siku za kusubiri Jumamosi nilikula vibaya. Kudanganya kulikuwa rahisi. Muuguzi amerudi Kampala. Kabugho hatasema. Bwambale ni adui, adui hapewi sikio. Neno moja, "yupo," na ile mikuyu inabaki. Na ukweli unafanya nini? Unakata mti. Hajji alikuwa ameshafariki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa hai angenifokea mara moja na kazi ingeisha. Mtu aliyekufa anakuachia ujifokee mwenyewe, na mimi najijua kwa matusi.

Jumamosi walikaa uani kwa Kabugho, wazee watano kwenye mabenchi ya kanisa. Kabugho aliwapa kwanza bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki, maana mzee mwenye njaa anakata shauri haraka na vibaya. Bwambale alikuja na msumeno, umeshatiwa mafuta. Mtu wa imani. Mkubwa wao, Mzee Masereka, alinawa mikono, akanigeukia. Tulisema Kikonzo, ninyi nawaandikia hivi.

"Mbusa. Hiyo ndege iko ama haiko?"

"Haiko, muzee."

Kabugho alikuwa ameshika sufuria. Alibaki ameishika.

"Namna gani haiko? Wewe si ndiye ulituambia iko?"

Nikasema yote. Kurumbiza, simu, betri. Nikasema na masikio yangu yamekufa upande wa juu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Yeye alikuwa ameona kwamba simsikii. Alidhani ni tabia.

Bwambale akasimama na msumeno wake. "Munasikia? Mwenyewe amesema. Mimi naanza na ule mukuyu wa karibu."

"Kaa chini," Masereka akamwambia. "Unakimbilia wapi? Mimi siwezi kukata shauri ya ndege bila kusikia ndege. Twende."

Tukateremka bondeni, fimbo tano na mimi, Bwambale na Kabugho nyuma yetu. Simu sikuitoa hata mfukoni. Kurumbiza, ambaye sasa alikuwa amezoea mikutano, akatuona na kuanza. Mluzi wa sauti nne, safi, mmoja baada ya mwingine. Wale wazee walisimama vinywa wazi. Mmoja alivua kofia.

"Hiyo ndiyo kekeo," Masereka akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa naisikia nikiwa mutoto, nachunga mbuzi hapa hapa. Nilidhani ilikwisha yote."

"Si kekeo, muzee. Ni kurumbiza anaiga. Mwishoni kuna ti-ti ya simu."

"Ti-ti gani? Wewe unaisikia?"

"Mimi siisikii. Lakini ipo."

"Hauisikii, lakini iko." Akawageukia wenzake. "Ninyi munasikia ti-ti?"

Walisikiliza kwa bidii, mikono nyuma ya masikio. Kurumbiza akawarudishia yote kutoka mwanzo. Wakatikisa vichwa. Ti-ti hakuna.

"Iko!" Bwambale akapiga kelele. Yeye bado ana masikio yake. "Iko, wazee! Ti-ti, ti-ti, hiyo hapo! Muko viziwi wote?"

Vijana, andikeni hili kwenye daftari: ukitaka shauri likuendee vizuri, usiwaite viziwi watu watano walioteremka bonde kwa magoti mabovu kwa ajili yako.

"Wewe masikio yako inasikia mukaa tu," Masereka akamjibu.

Ningeweza kunyamaza pale. Kila mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema ukweli na nilitaka ufike. "Muulizeni Kabugho," nikasema. "Masikio yake ni mazima. Anaisikia kila asubuhi."

Wote wakamgeukia. Kabugho akafuta mikono kwenye kitenge. Akasikiliza muda mrefu, macho chini, kama yuko kwenye sala. Kurumbiza naye akajitahidi; alirudia mara tatu.

"Mimi nasikia kekeo," Kabugho akasema. "Muzee Mbusa masikio yake ilikufa. Si amesema mwenyewe?"

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa. Miti isiguswe. Bwambale akaondoka na msumeno wake uliotiwa mafuta. Mimi nikahurumiwa. Masereka alinishika mkono kupandisha kilima kama kipofu, ananipigia kelele sikioni kwamba si aibu, kila mtu anazeeka, nisione haya. Alinipigia kelele vile kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa anajisikia.

Nikaacha kazi wiki ile. Hakuna aliyenifukuza, na ninyi msieneze kwamba nilifukuzwa. Mwongozaji asiyesikia simu yake ikilia mkononi aende akapande vitunguu. Nilikuja hapa Kasese nikawaambia wote kwa kinywa changu: pale kwa Kabugho andikeni kurumbiza. Nusu yenu bado mnaandika kekeo, kwa sababu simu imesema. Mtegee ndege sikio mpaka mwisho wa wimbo, sikio lako mwenyewe, ungali nalo. Na kama kuna mzee amesimama karibu nawe, muulize kwa adabu anasikia nini, halafu usimwamini, hata akiwa mimi.

Jioni ya Jumamosi ile Kabugho alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea hatua tatu mbele yangu. Nilidhani amenikasirikia, na alikuwa na haki. Tulipofika kwenye lami akaniwekea mfuko wa kahawa mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Asante kwa kusema ukweli, Muzee Mbusa," akasema, taratibu na kwa sauti kubwa ili nisikose neno. "Usirudie."